Kobe wa maji wa Saudia: mali bila daftari

Ukimwambia mkazi wa Riyadh au Jeddah kwamba nchi anayoishi ina kobe wa maji wa asili, aghlabu atacheka. Atakuuliza: nchi isiyokuwa na hata mto mmoja wa kudumu, kobe wa maji atakaa wapi? Lakini wapo, tena wa jamii mbili, na walikuwapo kabla ya barabara za lami na kabla ya mabomba. La kuuliza leo ni nani anawahesabu, na kama maji wanayoishi yatabaki wazi kwa miaka ishirini ijayo.

Tunaandika haya kwa familia zetu zilizoko Saudia na kwingineko Ghuba kwa sababu tatu. Kwanza, maamuzi kuhusu maji ya nchi nzima hufanywa Riyadh, na yanatugusa sote tunaofungua bomba asubuhi. Pili, mmoja kati ya kobe hawa ana undugu wa karibu na kobe wa kwetu Afrika Mashariki. Tatu, hatari mojawapo inayowakabili inaanzia madukani na majumbani mwetu, na hiyo tunaweza kuizuia sisi wenyewe bila kungoja ofisi yoyote.

Tuelewane kwanza kwa majina. Watu wa pwani tunamwita kasa yule wa baharini, na ng'amba ni yule mwenye gamba la thamani. Kobe ni wa nchi kavu. Huyu tunayemzungumzia hapa anaishi katika maji baridi: vinamasi, mifereji, madimbwi ya mabondeni. Hana jina lake peke yake katika mazungumzo ya kila siku, ndiyo maana tunamwita tu kobe wa maji. Kwa Kiarabu huitwa sulhafat, kama wenzake wote. Mnyama asiyekuwa na jina lake mwenyewe ni rahisi kusahauliwa.

Wa mashariki: Hasa na Qatif

Jamii ya kwanza iko mashariki, katika Hasa na Qatif, na pia ng'ambo kidogo, Bahrain. Wataalamu humwita Mauremys caspica, kwa kuwa kabila lake limeenea kutoka nchi zinazozunguka Bahari ya Kaspi, kupitia Uajemi, Uturuki na Iraki, hadi huku. Hasa ni mwisho wa safari yake upande wa kusini. Ni kobe wa wastani, gamba lake likiwa na rangi ya kijani iliyofifia au kahawia, na shingo yake ina mistari ya njano. Hula majani ya majini, wadudu, vyura, samaki wadogo na mizoga.

Hasa ni oasisi kubwa kuliko zote duniani, yenye mitende inayokadiriwa kufika milioni 2.5, na mwaka 2018 UNESCO iliiandika katika Urithi wa Dunia. Zamani maji yalitoka yenyewe ardhini kwa nguvu, kwenye chemchemi kubwa ambazo kila mzee wa huko anazijua kwa majina: Khudud, Haql, Umm Sab'ah. Yalipita mashambani kwa mifereji ya udongo, na yaliyobaki yakajikusanya kwenye vinamasi vya matete pembezoni mwa mchanga. Kobe alikuwa na kila alichohitaji: maji, matope, majani, na ukingo mlaini wa kutagia mayai.

Mwaka 1971 ulizinduliwa mradi mkubwa wa kumwagilia na kutoa maji mashambani, na mifereji ikawa ya zege. Mradi ule uliokoa mashamba mengi yaliyokuwa yakiharibiwa na chumvi na maji yaliyotuama. Kobe alijifunza kuishi ndani ya zege, hasa kwenye mifereji ya kutolea maji, ambako matete na tope vilirudi vyenyewe. Kisha mashine za kuvuta maji zikazidi, chemchemi zikapungua nguvu hadi zikaacha kububujika. Bahrain nayo iliona mambo hayo hayo: chemchemi zilizokuwa fahari ya kisiwa zilikauka mbele ya macho ya watu wa rika langu.

Sasa tumefika hatua ya tatu. Ili kupunguza maji yanayopotea kwa jua, mifereji ya wazi inabadilishwa kuwa mabomba yaliyofungwa, na sehemu kubwa ya maji ya mashamba hivi sasa ni maji taka yaliyosafishwa. Kwa hesabu ya maji, hatua hiyo ina maana kamili. Mfereji wazi katika joto la Hasa ni kama sufuria juu ya moto. Lakini kobe hawezi kuishi ndani ya bomba. Mfereji ukifungwa, hakuna anayemwua wala anayemfukuza, na hata hivyo mwaka unaofuata hayupo.

Msomaji mwenye asili ya Oman atalielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu ameuona falaji. Aflaji tano za Oman, pamoja na ile ya Daris kule Nizwa, ziliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Anayejua falaji anawajua wale samaki wadogo wanaocheza miguuni mwa mtu anayetawadha. Maji yakipita wazi huwa na wenyeji wake. Ukiyaficha, mashamba yatanywa na wale wenyeji watapotea.

Wa kusini-magharibi: jamaa wa kwetu

Jamii ya pili iko upande mwingine kabisa wa nchi, katika milima na mabonde ya Asir na Jazan, na kuendelea Yemen. Huyu si wa ukoo wa Kaspi. Ni wa Afrika. Hakunji shingo kuirudisha nyuma kama kobe wengine, huilaza ubavuni chini ya ukingo wa gamba. Bonde likikauka hujizika matopeni akangoja mvua, hata kwa miezi. Mtu aliyekulia Dodoma, Shinyanga au Kitui na kuchunga ng'ombe kando ya malambo atamtambua mara moja.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba kobe huyu ni wa jamii moja tu, kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Yemen. Mwaka 2014 kundi la watafiti, akiwamo Uwe Fritz wa makumbusho ya Senckenberg mjini Dresden, Ujerumani, lilipima vinasaba vya kobe kutoka sehemu nyingi na kuonyesha kwamba ni jamii kadhaa tofauti. Wakatoa majina mapya sita. Wa Yemen na Saudia alipewa jina la Pelomedusa barbata, maana yake mwenye ndevu, kwa vile vinyama viwili vinavyoning'inia kidevuni. Wa Kenya alipewa jina la mtafiti wa zamani, Neumann. Na wa Tanzania je? Alipewa jina la Pelomedusa kobe. Hilo ni neno letu la Kiswahili, limewekwa katika orodha ya sayansi ya dunia na litabaki humo daima.

Sisi ambao tumezoea kuulizwa kila siku, wewe ni wa huku au wa kule, tuna haki ya kufurahia habari hii. Kobe wa Asir na kobe wa Tanzania ni ukoo mmoja, ng'ambo mbili za maji. Lakini hakuja kwa jahazi kama babu zetu. Tofauti ya vinasaba vyake inaonyesha kwamba amekaa huko zama nyingi kabla ya mtu yeyote kutweka tanga. Hahitaji kibali cha ukaazi. Ni mwenyeji.

Maisha yake yanategemea madimbwi yanayobaki mabondeni baada ya mvua. Bwawa likijengwa juu, au pampu ikiwekwa kando ya bonde, au dimbwi likijazwa kifusi ili barabara ipite, kundi zima la kobe wa bonde lile linaweza kuondoka bila taarifa. Tena maisha ya kobe ni marefu na uzazi wake ni wa polepole. Mtu anaweza kuona wazee watatu wanaota jua juu ya jiwe akadhani mambo ni salama, kumbe kwa miaka kumi hakuna mtoto aliyenusurika.

Kilichoandikwa na kisichoandikwa

Nilifanya kazi ya ukarani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi ile ilinifundisha ukweli wa methali yetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ofisi, kitu ambacho hakimo kwenye rejista hakipotei, kwa maana hakuna anayejua kwamba kilikuwapo.

Tazameni mfano wa choroa wa Arabuni, yule mnyama mweupe mwenye pembe ndefu ambaye Waarabu humwita maha. Alitoweka porini mwaka 1972 katika Jiddat al-Harasis, Oman. Kwa kuwa waliobaki katika mabustani ya wanyama walijulikana mmoja mmoja, iliwezekana kuwazalisha na kuwarudisha: Oman mwaka 1982, na Saudia kuanzia mwaka 1990 katika hifadhi ya Mahazat as-Sayd, kisha Uruq Bani Ma'arid mwaka 1995. Hifadhi hii ya pili iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyotoa habari mbaya pia. Hifadhi ya choroa ya Oman ilikuwa na wanyama 450 mwaka 1996. Waliposhuka hadi 65, na eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, UNESCO iliifuta katika orodha yake mwaka 2007. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hifadhi yoyote duniani kufutwa. Iliuma, lakini dunia ilijua kilichotokea, mwaka na idadi. Kobe wa mfereji akipungua kutoka mia nne hadi sitini, nani atatoa tangazo?

Daftari lenyewe nalo linataka uangalifu. Visiwa vya Shelisheli, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, vina kisa cha kufundisha. Mwaka 1895 Mjerumani August Brauer aliripotiwa kukusanya kobe watatu wa kinamasi kisiwani Mahé. Walipewa jina lao la kisayansi, wakatafutwa kwa miaka mingi wasionekane tena, na mwishowe wakaandikwa kuwa wametoweka duniani. Mwaka 2013 vinasaba vya vielelezo vile vilipopimwa, vilikuwa vya kobe wa kawaida wa Afrika Magharibi. Jamii ile haikutoweka, haikuwahi kuwapo. Mahali palipoandikwa pamoja na kielelezo palikosewa, na kwa zaidi ya karne moja watu wakamlilia marehemu ambaye hakuzaliwa. Ndiyo maana taarifa ya kuonekana kwa mnyama haina thamani bila mambo matatu: picha, mahali na tarehe.

Riyadh: maji yaliyokwisha tumika

Sasa turudi mjini. Sehemu kubwa ya maji ya Riyadh hutoka baharini, upande wa Ghuba, huondolewa chumvi na kusukumwa kwa mabomba kilomita mamia kupanda hadi mji mkuu. Yakishatumika jikoni na bafuni, husafishwa, na kwa miaka mingi yaliyobaki yamekuwa yakiteremka katika Wadi Hanifa, bonde la kilomita kama 120 linalopita Diriyah na kuendelea kusini hadi Hair. Mradi wa kulisafisha bonde hilo ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2010. Leo kuna matete, samaki, na ndege wa safari mahali palipokuwa jalala. Familia zetu nyingi huenda huko Ijumaa na mkeka na birika.

Hivyo Riyadh imekuwa na kinamasi kilichotengenezwa na watu. Lakini maji hayo yana waombaji wengi. Mpango wa Riyadh ya Kijani, uliotangazwa mwaka 2019, unakusudia kupanda miti milioni 7.5, nayo itanyweshwa maji hayo hayo yaliyosafishwa. Hakuna ubaya katika mti. Ni lazima tu aliyeko ofisini ajue kwamba kila tone linalopelekwa kwenye mti limetoka mahali, na mahali pale palikuwa na viumbe.

Hapa ndipo wanapoingia kobe wageni. Katika maduka ya wanyama wa kufugwa, Riyadh na Jeddah kama ilivyo miji mingi ya dunia, huuzwa kobe wadogo wa kijani wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Asili yao ni Marekani. Mjukuu wangu alitaka mmoja tulipokuwa Jeddah, na muuzaji akaapa kwamba hatakua zaidi ya kiganja cha mtoto. Sikununua. Kobe yule hukua akafika ukubwa wa sahani ya pilau na huweza kuishi miaka thelathini. Mkataba wa kazi unapokwisha na familia inafunga mizigo, baba hutafuta mahali pa kumwacha. Kwa huruma humpeleka bondeni au ziwani, akadhani amefanya wema.

Si wema. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza kobe huyu mwaka 1997, na shirika la uhifadhi duniani, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi. Hula kila kitu, huwanyang'anya wenyeji mahali pa kuota jua, na huweza kuwaambukiza maradhi. Akiachwa katika mfereji wa Hasa, ni mashindano ambayo kobe mwenyeji hawezi kuyashinda. Kuna na afya ya watoto pia: kobe wadogo hubeba vijidudu vya salmonela, na kwa sababu hiyo Marekani ilizuia tangu mwaka 1975 kuuza wale wenye gamba lisilofika inchi nne.

Jeddah: hofu yenye sababu

Ni haki tuusikilize upande wa pili. Mtu wa Jeddah akisikia neno kinamasi, hakumbuki kobe. Anakumbuka tarehe 25 Novemba 2009, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya mia moja, na hofu ya siku zile kwamba Ziwa la Miski, lile bwawa la maji taka mashariki ya mji, lingevunja kingo na kuumwagikia mji. Ziwa lile lilikaushwa baadaye, na hakuna aliyelilia. Anakumbuka pia homa ya dengi, ambayo imejulikana Jeddah tangu mwaka 1994 na hutokana na mbu wa maji yaliyotuama.

Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini tutenganishe mambo. Mbu wa dengi hupenda maji madogo ya majumbani: ndoo, tangi lisilofunikwa, tairi bovu. Bwawa la maji taka yasiyosafishwa ni uchafu wa mji. Kinamasi chenye matete, samaki, vyura na kobe ni kitu cha tatu, na kukaushwa kwake hakumwondolei mtu yeyote mbu wa ndoo ya uani.

Nini kifanyike

Saudia imejiwekea ahadi, katika Mpango wa Saudia ya Kijani wa mwaka 2021, kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari yake ifikapo mwaka 2030. Kituo cha Taifa cha Wanyamapori, kilichoundwa mwaka 2019, kina uwezo na wataalamu. Kinachohitajika kwa kobe hawa si fedha nyingi. Kabla mfereji haujafungwa, wahesabiwe waliomo. Katika kila mtandao wa mabomba, yaachwe mabwawa machache ya wazi yenye kingo za udongo, yapate sehemu ndogo ya maji kila mwaka. Ziwa la Asfar, mashariki ya Hasa, tayari limo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, na linafaa kuwa mahali pa kuanzia. Huko Asir na Jazan, madimbwi yanayodumu yaandikwe katika ramani kabla ya barabara kuchorwa.

Kwa familia zetu, mambo ni manne. Usimnunulie mtoto kobe wa dukani. Kama unaye tayari na unaondoka, mtafutie mtu wa kumlea, na kamwe usimwachie majini. Ukimwona kobe wa maji huko Hasa, Qatif, Asir au Jazan, usimchukue: mpige picha, andika mahali na tarehe, kisha uipeleke taarifa Kituo cha Wanyamapori. Na ukiona wanyama wa porini wanauzwa au kuteswa, piga simu 911 kama uko Riyadh, mkoa wa Makka, Madina au Mashariki, na 999 au 996 mikoa mingine. Sheria ya nchi ni kali: adhabu ya biashara haramu ya wanyamapori hufika riali milioni 30 na kifungo cha miaka 10.

Vijana wetu wana simu zenye kamera bora kuliko zile walizokuwa nazo watafiti wa zamani. Safari zao za Abha na Hasa wakati wa likizo hutupatia picha nyingi za chakula na za wao wenyewe. Picha moja ya kobe juu ya jiwe, yenye tarehe na jina la bonde, ni mstari mmoja katika daftari ambalo bado lina kurasa nyingi tupu.